Kilo Ishirini za Serikali

Basi la Eleuterio lina dirisha moja la kioo,
mengine ni turubai na misumari.
Tuliondoka Juliaca saa tisa usiku:
mimi, vifaranga mia wa mtu aliyelala,
godoro lililosimama kama abiria asiye na nauli,
na begi langu, chini ya miguu.

"Una nini humo, dada? Gari limeinama upande wako."
"Kilo."
"Kilo za nini?"
"Kilo tu."
Akanitazama kwenye kioo mpaka kona ya tatu.

Sikumtania. Nimebeba shaba:
ya kumi, ya tano, mbili za mbili, moja ya moja,
kila jiwe ndani ya soksi ya marehemu baba
lisije likakwaruzwa,
maana mkwaruzo ni wepesi,
na wepesi, ofisini kwetu, ni wizi.

Barabara? Iliwahi kuwepo.
Watu huonyesha ilipokuwa
kama unavyoonyesha pengo la jino.
Gari linakwenda kwa kukumbuka.

Mtoni Eleuterio akazima injini.
"Shukeni wote. Na wewe, shuka na kilo zako."
Maji ya theluji yakatuuma magoti.
Mwenye vifaranga kaamka, anawahesabu huku anavuka,
anakosea, anaanza upya.
Mimi na shaba mgongoni ndani ya shuka la milia,
na hewa ya huko juu
inanipimia pumzi kwa kijiko.
Ng'ambo tukatandika nyasi za ichu chini ya matairi,
tukasukuma, tukatukana,
tope likaturudishia kila tulichosema.

Wilaqullu: nyumba kumi na saba,
kanisa lisilo na mlango,
alpaka wanaotutazama kwa dharau ya watu waliosoma.

Mizani inaning'inia dukani kwa Hermójenes,
pale anaponunulia sufu.
Nikatundika kilo kumi.
Ikasoma tisa na robo.
Nikarudia. Tisa na robo.
Wanawake wamejipanga ukutani wanasokota uzi,
hakuna mkono uliosimama.
Hermójenes anajifuta jasho
katika baridi ya kugandisha mate.

"Miaka kumi na mmoja," nikawaambia,
sauti yangu imeshajigongea muhuri,
"kwenye kila kilo kumi, huyu amewala robo tatu!"

Asunta Ticona ndiye aliyecheka kwanza.
Akanyanyua furushi lake la sufu, akalikung'uta mbele yangu:
mchanga, mchanga mwembamba wa mtoni,
ukashuka sakafuni bila aibu.
"Robo tatu kwa kila kumi. Tunaupima kwa hiki."
Kikombe cha bati, mpini umekatika.
"Yeye anaiba kwa chuma, sisi kwa mto.
Mwanawe wa mwisho nimembatiza mimi.
Sasa wewe umekuja kutunyoosha."

Nilinyoosha. Ndiyo kazi.
Nusu mzunguko wa skrubu, lakiri ya risasi, sahihi.
Fomu ina nafasi ya jina, tarehe, kosa;
ya mchanga haina.
Hermójenes akatoka nje, akakaa juu ya gunia.
Wanawake wakaanza kukung'uta mafurushi mlangoni,
mmoja mmoja, kimya,
kama watu wanaohama nyumba waliyoizoea.

Asunta akanipa kikombe.
"Chukua. Hakina kazi tena."

Kwenye mto niliteremka na begi bila kuambiwa.
Eleuterio akauliza kama nimeziacha kilo huko.
Nikamwambia zimeongezeka.
Nikainama, nikajaza kikombe,
nikakifunga kwa soksi, nikakipakata saa kumi nzima
nisimwage hata punje.

Jumatatu, kabla wenzangu hawajafika,
nikaumimina mchanga ule
juu ya mizani ya ofisi, ile ya ndani ya kabati la kioo
isiyoguswa bila glavu.

Gramu mia saba na hamsini.
Barabara.